Nimepewa shifti ya usiku, watu wangu wananificha makosa. Nianzie wapi?

DadaWaUnga

Wakuu habari zenu, naomba mnivumilie ni ndefu na naandika nimetoka kazini sijalala bado.

Nafanya bekari moja hapa Dar, jina naliacha. Niliingia pale miaka 6 iliyopita kwenye kufungasha, nikahamishiwa stoo, na mwezi wa pili mwaka huu nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia Jumatatu wewe ndo supavaiza wa usiku. Watu 19. Tunaingia saa mbili usiku tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa kumi alfajiri vile vigari vya Kirikuu vinakuwa vimeshapanga foleni getini vinasubiri mkate wa Mbezi, Kimara, Gongolamboto, Mbagala. Mkate ukichelewa kupoa siku yote imeharibika, maana mwenye duka akishachukua wa kampuni nyingine huyo humpati tena mpaka kesho.

Kazi naijua. Kinachonishinda ni kwamba watu hawasemi. Sio watu wabaya, wengine ndo walionifundisha kazi, ila kitu kikiharibika hakuna aliyekiona, ukiuliza kila mtu alikuwa chooni.

Ngoja niwape mfano mmoja ndo mtanielewa. Wiki tatu zilizopita zilirudi kreti 9 kutoka maduka ya Kimara, mkate nje una rangi nzuri kabisa, ukiukata katikati ni ubichi mtupu, unanata kwenye kisu. Nikauliza usiku ule, kimya. Sasa mimi nikaamua kusimama pale oveni bila kusema kitu. Tuna mzee wa oveni, mtu mzima kabisa, namwamkia shikamoo kila jioni, yupo pale toka bekari ina oveni moja. Nikamwona anafungua mlango, anaweka kiganja pale mdomoni mwa oveni, midomo inacheza. Nikamuuliza mzee unafanya nini? Akakaa kimya kidogo halafu akasema nahesabu mwanangu, nikifika nane mkono bado unavumilia ujue moto haujafika.

Kipimo cha joto kilikuwa kimekufa. Kinasoma 210 muda wote, hata oveni ikiwa imezimwa kinasoma 210. Kilikuwa kimekufa siku 11, na watu wa oveni wote wanajua. Yani mzee amepima moto kwa kiganja siku 11 kuliko kutembea hatua kumi kuja kuniambia.

Na najua kwanini. Mwaka jana kijana wa mikisa, ile mashine ya kukandia unga, alienda ofisini mwenyewe kusema mashine inatoa mlio ambao sio wa kawaida, akajibiwa wewe ndo ulikuwa nayo basi wewe ndo umeiua, akakatwa 60,000 kwa miezi miwili. Pia tuna grupu la WhatsApp, bosi akikuta trei zimeungua anapiga picha na mhusika akiwa amezishika, anatupia na jina na kiasi atakachokatwa, na sisi wote tunajibu sawa bosi. Kuna mmoja mke wake alishika simu akaiona ile picha, mume kasimama na trei kama mwizi aliyekamatwa na kuku wa watu. Yule jamaa hakuongea na mtu wiki nzima. Na juu ya hapo tuna mmoja kazi yake kupeleka maneno ofisini, kila mtu anamjua, akikaribia watu wanabadilisha mada.

Nisije nikaeleweka vibaya, mwenye mali sio mtu mkatili. Mtoto wa mwenzetu alipolazwa alilipa yeye hospitali, msibani anafika. Ila kwenye makosa ndo yuko hivyo, anaamini bila hivyo atafilisika.

Maswali yangu ni haya. Nawafanyaje watu waseme wakati mimi sio ninayeshika makato? Na mtu ninayemwamkia shikamoo saa mbili, saa nane namwambiaje kwamba amekosea? Naombeni wenye uzoefu wa kuongoza watu mnisaidie, nalala nikiwaza hili jambo.

KazaUzi

Dada hongera kwa cheo. Ushauri wangu utakuwa tofauti pengine na wengine. Kaza. Mimi nilisimamia vijana wa kupakia kwenye ghala moja Kariakoo, nikataka niwe mwenzao, tunakula pamoja kwa mama lishe, tunataniana, mwisho wa mwezi tukahesabu mifuko saba ya sukari haipo na hakuna aliyejua imeenda wapi, aliyetolewa kazini ni mimi. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Weka daftari, kila anayeingia kwenye mashine asaini ameikuta vipi na kaiacha vipi, atakayeficha jina lake lipo. Kuhusu mzee, siku 11 ni nyingi, heshima ya umri ni ya nyumbani, pale kazini mkate mbichi umeuziwa watu.

FundiVingunguti

KazaUzi daftari nakubaliana na wewe asilimia mia, ila hapo kwingine ngoja nieleze kitu kilichonitokea maana nami nilikuwa na mawazo kama yako.

Nina gereji ya malori, vijana 8. Miaka ya nyuma nilikuwa mkali hasa, mtu akikosea namsema pale pale mbele ya mteja, na nilijiona naendesha kazi vizuri kwa sababu makosa nilikuwa siyaoni. Usiku mmoja saa tano simu inaita, kijana mdogo kabisa pale gereji, sauti inatetemeka, bosi nadhani sijakaza nati za tairi la nyuma kushoto la ile gari iliyoondoka jioni. Gari ina mzigo wa saruji inaenda Morogoro. Nikampigia dereva nikamkuta Mlandizi, nikamwambia paki, shuka, shika zile nati kwa mkono. Tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole.

Nililala macho. Sio kwa sababu ya nati, ni kwa sababu nilijiuliza ni mangapi ya namna hii yameshaondoka hapa gereji na mtu akakaa nayo moyoni kwa kuniogopa. Yule kijana aliniambia baadaye alizunguka na simu mkononi kutoka saa mbili mpaka saa tano akijishauri. Masaa matatu gari inatembea.

Asubuhi wote walikuja wakijua kuna mtu anafukuzwa. Nikamsimamisha mbele nikamshika mkono nikasema huyu jana ameokoa dereva na mimi nimeokoka jela, halafu nikamuuliza ilikuwaje, na sio kwa ukali, nilitaka kujua kweli. Kumbe alikuwa katikati ya kukaza, mimi mwenyewe nikamwita nikamtuma spea Buguruni, aliporudi akakuta mwenzake ameshashusha jeki akajua imemalizwa. Yani kosa lilianzia kwangu. Toka siku ile sheria ya gereji yangu ni kwamba mtu aliyeshika spana ya magurudumu haitwi na yeyote, hata mimi, mpaka amalize, na kila nati ikishakazwa inapigwa mstari wa chaki nyeupe. Hatujarudia.

Sasa dada kwa upande wako. Toyota kule Japani kwenye viwanda vyao waliweka kamba inayopita juu ya mstari wa kazi, wakaiita andon, mfanyakazi yeyote hata wa chini akiona kitu hakijakaa sawa alikuwa anaivuta, taa inawaka, kiongozi wa timu anakuja pale pale wanaangalia pamoja, wakishindwa kurekebisha kwa muda ule mstari unasimama. Gari nyingi tunazoendesha hapa mjini zimetoka kwa watu waliovuta ile kamba. Lakini kamba haivutwi kwa sababu imefungwa, inavutwa kwa sababu aliyevuta jana hakupigwa makelele. Wewe kamba yako ni ile safari ya hatua kumi kutoka oveni mpaka ulipo. Kila mtu pale anaangalia wa kwanza atakayekuja kwako utamfanya nini. Mtu akija na habari mbaya neno la kwanza liwe asante kwa kuniambia, la pili tunafanyaje sasa hivi, hiyo ya ilikuwaje iache mpaka mkate umetoka.

Na anza na kosa lako mwenyewe. Najua lipo, miaka 6 pale bekari lazima lipo. Liseme mbele yao.

Kuhusu mzee, usimwambie amekosea mbele za watu hata kama ni kweli, hapo umemvua nguo na umri ule. Mkae pembeni, umwambie mzee mimi hiki kipimo nilikuwa sijui kama kimekufa, ningependa kingine kikianza kuzingua wewe ndo uniambie wa kwanza kwa sababu wewe ndo unaijua oveni kuliko mtu yeyote humu. Umeshamwambia kila kitu na heshima yake iko pale pale.

KazaUzi

Fundi nimekusoma, hiyo ya nati imeniingia. Ila swali langu linabaki, mwizi naye nimshukuru? Mifuko saba haikusahaulika, ilibebwa.

FundiVingunguti

Hapana mkuu, hapo uko sahihi na ni vizuri umeuliza. Mimi natenganisha mafungu matatu na vijana wangu wanayajua kabla kosa halijatokea. Kuna kusahau au kukosea ukiwa kazini kwa nia njema, hiyo unaongea tunarekebisha hakuna adhabu. Kuna kujua sheria na kuiruka kwa makusudi, mfano kushusha jeki bila kuangalia chaki, hiyo ina onyo la maandishi. Na kuna kuiba au kudanganya, hapo hatukai pamoja. Na kuficha nakuweka karibu na kudanganya, LAKINI tu kama nimeshakuhakikishia kwamba ukisema huumii. Kama nilikuwa nakuumiza ukisema, siwezi kukuadhibu kwa kuficha, nitakuwa nakuonea. Kwa hiyo mzee wa oveni leo hana kosa la kuficha. Kuanzia siku dada atakapobadilisha utaratibu ndo hesabu inaanza.

NesiWaZamu

Mimi ni muuguzi, nimekaa wodini miaka mingi nitaongea kidogo tu kwa sababu huko kwetu kuficha kosa ni mtu anakufa.

Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, miaka ya 1990 alifuatilia makosa ya kutoa dawa kwenye wodi za hospitali huko Marekani, alitegemea wodi zenye timu nzuri ndo zitakuwa na makosa machache, majibu yakaja kinyume, timu nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akagundua sio kwamba zinakosea zaidi, ni kwamba zinasema. Zile nyingine zilikuwa zinanyamaza.

Nakuambia hivi dada kwa sababu moja. Ukianza kufanya anachosema Fundi, mwezi wa kwanza makosa yataongezeka kwenye daftari lako. Yatajaa. Na bosi akilifungua atasema umeona, toka huyu amepewa shifti mambo yameharibika. Mwambie kabla. Kaa naye umwambie bosi wiki zijazo utaona makosa mengi zaidi yameandikwa, ni yale yale yaliyokuwepo, ila sasa tunayaona, wewe angalia mkate unaorudi kutoka dukani, hicho ndo kipimo. Mimi sikumwambia aliyekuwa juu yangu, nikahamishwa wodi baada ya wiki tano na ile kazi yote ikafa. Bado inaniuma.

Jambo lingine, zamu zetu tunakabidhiana kitanda kwa kitanda tukiwa tumesimama, sio kwa karatasi peke yake. Kabidhianeni mashine kwa mashine na shifti ya mchana, mkiwa wote wawili mmesimama mbele ya mashine, dakika kumi zinatosha. Kipimo kisingemaliza siku 11.

MdauWaSheria

Wachangiaji wamesema vizuri, mimi naongeza upande wa makato maana naona limepita kimya kimya na ndo mzizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kufidia hasara kwa kujisikia tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la huyo mfanyakazi, lazima mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu imepatikanaje, ampe nafasi ya kutosha ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Na mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Picha kwenye grupu na jina na kiasi sio maandishi ya kisheria, na mashine iliyochakaa sio kosa la aliyeishika siku ilipokufa. Yule kijana wa 60,000 kwa ulivyoeleza hakustahili kukatwa hata shilingi.

Pia hujasema ila nauliza, mnalipwa nyongeza ya usiku? Kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Angalia salari slipu zenu.

Njia ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ipo. Madai ya kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60, na aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi. Lakini dada kwa hali yako sikushauri uanze na CMA wala uingie ofisini umeshika sheria mkononi kama panga. Bosi wako kwa ulivyomweleza pengine hajui tu, wamiliki wengi wa biashara za kati hawajui kabisa, wanafanya walivyofanyiwa wao. Mpelekee kama mtu anayemkinga na hasara, maana siku mmoja akienda CMA na ile skrinshoti ya grupu, bosi ndo ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe.

MzeeWaChangombe

Binti yangu nimesoma yote nikakumbuka mbali. Mimi nilikuwa kijana kwenye kiwanda kimoja barabara ya Pugu, siku hizi mnaita Nyerere Road. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, na kile kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ufahari, dharau na uonevu. Wenzangu walikuwa na kile kijitabu mfukoni wanakisoma muda wa chakula. Miaka ile mpaka 1973 migomo ilitokea viwanda vingi hapa Dar, na vijana wa sasa wakisikia wanadhani tuligomea mshahara. Mara nyingi haikuwa mshahara.

Kwetu ilikuwa upekuzi. Meneja alikuwa anatusimamisha getini tukitoka, tunavua viatu, tunakung'uta, watu wazima wenye watoto, na yeye amesimama pembeni anaangalia. Siku moja fundi mmoja mzee wa heshima sana alikataa kuvua kiatu, akasimama tu, hakusema neno. Sisi tuliokuwa nyuma yake hatukupanga kitu, tulisimama na sisi. Kazi haikufanyika siku mbili. Baadaye serikali ilisema imetosha na migomo ikazimwa, wengine walipoteza kazi, sitaki kuipamba.

Nilichojifunza pale ni kwamba tulikuwa na baraza la wafanyakazi, lilikuja na waraka wa Rais wa 1970, tulikuwa tunakaa kikao na chai inaletwa. Lakini ile habari ya viatu haikuwahi kusemwa kwenye kikao hata siku moja, kwa sababu meneja ndiye aliyekuwa mbele ya meza na ajenda anaitoa yeye. Ukiitisha kikao chako usikae mbele ya meza. Simama nao pale pale penye kazi, uanze kuuliza na wale wadogo, wazee waongee mwisho, maana mzee akishasema kijana hawezi kumpinga na wewe utakuwa umesikia sauti moja ukadhani ni zote.

Na hiyo picha ya yule kijana na trei ifutwe. Mengine yanaweza kusubiri, hiyo isisubiri.

DadaWaUnga

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, ni wiki ya nne sasa, nilitaka nirudi na kitu mkononi sio maneno.

Nilianza na kosa langu kama Fundi alivyosema. Tulisimama pale kwenye unga saa mbili kamili kabla ya kuwasha mashine, nikawaambia mwaka jana nikiwa stoo nilipokea mifuko 12 imelowa chini, nikaogopa kukatwa, nikaigeuza nikaipanga katikati ya mingine, na ule mkate uliotoka na harufu mpaka mkasingiziwa hamira ulikuwa unga wangu. Kilikuwa kimya mpaka unasikia feni. Halafu mzee wa oveni akasema tulijua. Wote walijua, miezi yote ile, hakuna aliyenichongea. Nilitokwa na machozi nikashindwa kuendelea na kikao kikaishia hapo, labda ilikuwa vizuri.

Nikaweka ubao wa chaki karibu na mlango wa oveni, andika kitu kilichoharibika au kinachoelekea kuharibika, jina sio lazima. Siku nne ubao mtupu, kila asubuhi nautazama roho inauma. Usiku wa tano saa sita yule kijana wa mikisa, yule yule wa 60,000, akaja mwenyewe amesimama mbele yangu mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, dada nimesahau chumvi bachi ya pili. Unga ulikuwa bado haujakatwa. Tukayeyusha chumvi kwenye maji kidogo tukaurudisha kwenye mikisa, ukapona wote, kirikuu ya Mbagala ikaondoka kwa wakati. Nikamwambia asante kwa kuniambia, na nikamuuliza baadaye ilikuwaje, kumbe chumvi inapimwa meza ya mbali na yeye anapima kwa kukumbuka. Sasa chumvi ya kila bachi inapimwa jioni inakaa kwenye vibakuli vimepangwa, kibakuli kikibaki ujue kuna bachi haina chumvi. Wazo ni lake sio langu.

Nesi ubarikiwe, nilimwambia bosi kabla. Nilienda mchana nikiwa na hesabu ya mikate iliyorudi zile siku 11 na bei ya kipimo kipya, kipimo ni 85,000, mikate iliyorudi ni mara nyingi ya hapo. Aliiangalia ile karatasi muda mrefu. Picha za grupu amekubali kuacha na ile ya jamaa na trei aliifuta mbele yangu, japo kwenye simu za watu bado ipo. Alipofika kwenye makato alisema ataangalia. Nimemwachia karatasi ya kile kifungu cha 28 kwa Kiswahili, MdauWaSheria asante, sikuiweka kama kesi, nilimwambia bosi hii isije ikatuletea shida. Nyongeza ya usiku kwenye slipu ipo, tumeangalia. Hela ya kijana bado haijarudi na nimemwambia kijana ukweli kwamba nimeomba na sijajibiwa, sikutaka kumpa moyo wa bure.

Yule mpeleka maneno sijamfanya kitu. Siku hizi akienda ofisini anakuta nimeshasema mwenyewe. KazaUzi na daftari la kukabidhiana nimeliweka, tunasaini tukiwa tumesimama mbele ya mashine na watu wa mchana, wao bado wanalalamika dakika kumi nyingi.

Mzee wa oveni nilikaa naye pembeni kwenye kreti tupu, nikamwambia kama Fundi alivyoelekeza. Aliitikia tu, hakusema kitu, nikajua labda nimemkwaza. Sasa jana saa nane usiku nasikia mwanangu njoo. Nikaenda. Amesimama mlango wa kushoto wa oveni, amepaka unga kwenye ukingo wake na unga umegeuka kahawia sehemu moja ndogo kama kidole, joto linavuja pale, mpira wa mlango umeanza kuchoka.

Nikamuuliza mzee toka lini?

Akasema toka sasa hivi.